Ziwa Kubwa ni Lipi? Pima Kina Kabla ya Kusifu Upana



Siku moja mkulima wa skimu ya makazi aliingia ofisini kwetu kuleta fomu zake. Alipokuwa akingoja mhuri akaniuliza, "Mwalimu, sisi huko kwetu tunabishana. Katika maziwa yote ya Afrika Mashariki, lililo kubwa kuliko yote ni lipi?"

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, lakini kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu, na wengi bado huniita Mwalimu. Basi nilimjibu upesi, kama nilivyozoea kuwajibu watoto darasani, "Ni Victoria, mzee." Akashukuru, akaenda zake.

Jibu langu lilikuwa nusu ya jibu. Victoria ni kubwa kwa upana. Lakini kama yule mzee alitaka kujua ni ziwa gani lenye maji mengi, basi nilimpoteza. Kwa wingi wa maji, Victoria si la kwanza, wala si la pili.

Usidhani kwamba jambo hili ni la watoto wa shule peke yao. Kosa la kudhani kuwa maji yaliyo mapana ndiyo maji mengi limewapotezea wakulima ninaowajua ng'ombe wao wa maziwa, na kalamu iliyoandika kosa hilo ni yangu mwenyewe. Habari hiyo nitaieleza mbele. Kwanza tuanze na sinia.

SINIA NA JAGI

Nyumbani kwangu ni Ayany, Kibera, mjini Nairobi. Huko siku nyingine mfereji hautoi maji, nasi hununua kwa mtungi, kwa hiyo watoto wangu wanajua thamani ya lita moja. Jumamosi moja niliwaita mezani. Nikamimina lita 2 za maji katika sinia la kupakulia wali, na lita 2 katika jagi. Nikawauliza, "Wapi pana maji mengi?" Mdogo akaonyesha sinia bila kufikiri. Mkubwa, ambaye aliniona nikipima, akasema ni sawasawa. Yule mdogo hakukubali hata kidogo, kwa sababu macho yake yaliona upana.

Kisha tukaweka vyombo vyote viwili nje juani. Jioni sinia lilikuwa limebakiwa na maji machache, na siku ya pili kabla ya saa za adhuhuri lilikuwa kavu. Jagi lilikuwa limepungua kiasi cha vijiko vichache tu.

Mambo mawili yamo katika jaribio hili. La kwanza, jicho huona eneo, halioni kina. La pili, jua hunywa kwa juu. Kadiri maji yalivyotandazwa, ndivyo jua linavyopata mahali pengi pa kuyanywea. Haya mawili yanatosha kutuelezea maziwa yetu makubwa, na pia bwawa lililo shambani mwako.

KIPIMO CHA MAJI

Ili tulinganishe maziwa yatupasa kuwa na kipimo kimoja. Chukua ule mtungi wa lita 20, uliochukua mahali pa debe la zamani. Mitungi 50 ni lita 1,000, nazo ni sawa na sanduku lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1. Sanduku hilo huitwa mita 1 ya ujazo.

Kwa maziwa, mita ya ujazo ni ndogo mno. Huko hupimwa kwa kilomita ya ujazo, yaani sanduku lenye kilomita 1 kila upande. Ndani yake zinaingia mita za ujazo bilioni 1, au mitungi bilioni 50.

Hesabu yake ni nyepesi. Twaa eneo la ziwa, ulizidishe kwa kina cha wastani. Angalia sana hilo neno "wastani". Si kile kina cha mahali palipo pa chini kuliko pote, bali ni kina ambacho ziwa lingekuwa nacho kama sakafu yake ingesawazishwa yote ikawa tambarare.

MAZIWA SITA KWA WINGI WA MAJI

Hapa nayapanga maziwa sita yanayojulikana sana katika sehemu zetu. Hesabu ni za kukadiria, kwa kuwa maji hupanda na kushuka, lakini mpango wake haubadiliki.

Tanganyika: eneo kilomita za mraba 32,900, kina cha wastani mita 570, maji kilomita za ujazo 18,900 hivi.

Nyasa, liitwalo pia Malawi: eneo 29,600, kina cha wastani mita 280 hivi, maji 8,000 hivi.

Victoria: eneo 68,800, kina cha wastani mita 40, maji 2,750 hivi.

Kivu: eneo 2,400 hivi, kina cha wastani mita 240, maji zaidi ya 500.

Turkana, lililoitwa Rudolf mpaka mwaka wa 1975: eneo 7,000 hivi, kina cha wastani mita 30, maji 200 hivi.

Albert: eneo 5,300, kina cha wastani mita 25, maji 130 hivi.

Haya, tazama. Victoria lina eneo mara mbili ya Tanganyika, lakini Tanganyika lina maji karibu mara saba ya Victoria. Hata ukiyamimina yale matano mengine yote katika shimo moja, hayalijazi Tanganyika. Na Kivu, ambalo halifiki nusu ya Turkana kwa eneo, lina maji zaidi ya mara mbili ya Turkana.

Ulimwenguni pia ni vivyo hivyo. Kati ya maziwa ya maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, Victoria ni la pili kwa eneo. La kwanza ni Superior la Amerika ya Kaskazini. Lakini kwa wingi wa maji la kwanza ni Baikal la Urusi, lenye kilomita za ujazo 23,600, na la pili ni Tanganyika letu. Baikal nalo lina eneo dogo kuliko la Tanganyika. Linalishinda kwa kina.

KWA NINI MOJA NI SINIA NA LINGINE NI JAGI

Tanganyika, Nyasa na Kivu yamelala katika Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka na kuvutwa pande mbili, sakafu ikazama, maji yakaingia katika ufa. Ndiyo sababu Tanganyika ni jembamba na refu, na mahali pake pa chini kabisa panafika mita 1,470. Ungesimamisha Mlima Longonot chini yake kuanzia tambarare ya Bonde mpaka kilele, usingeonekana.

Victoria si mtoto wa ufa. Limekaa juu ya uwanda ulio kati ya matawi mawili ya Bonde la Ufa, mashariki na magharibi. Kingo za pande zote mbili ziliinuka, katikati pakabonyea kidogo kama godoro lililolaliwa, na mito ikajaza pale palipobonyea. Basi likawa pana sana lakini halikushuka. Mahali pake pa chini kuliko pote ni mita 80 na kitu.

Huenda msomaji akauliza, "Mbona Albert nalo liko katika ufa, lakini halina kina?" Hilo ni swali zuri, na jibu lake linatuhusu sisi wakulima. Ufa wa Albert ulikuwa wa kina kikubwa mno. Lakini kwa mamilioni ya miaka mito imemwaga humo udongo na mchanga, na leo chini ya maji yake kuna tope lililogeuka mwamba, lenye unene wa kilomita kadhaa. Jagi lilijazwa udongo, likawa sinia.

SINIA HUKAUKA UPESI

Sasa nitakueleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilipolisikia mara ya kwanza sikuliamini. Ziwa Victoria lilipata kukauka. Wataalamu walitoboa tope la chini ya ziwa, wakatoa vipande virefu kama miwa, wakavisoma tabaka kwa tabaka. Wakakuta tabaka la udongo uliokauka juani, wenye mizizi ya majani. Zamani za ukame mkubwa, yapata miaka 15,000 na zaidi iliyopita, pale ambapo leo wavuvi hutupa nyavu palikuwa pori na nyasi. Tanganyika katika zama hizo za ukame lilishuka sana, lakini halikukauka. Lilikuwa na akiba chini.

Hata leo Victoria huishi kwa mvua. Katika kila sehemu tano za maji yanayoingia ziwani, karibu sehemu nne hutoka kwa mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mito yote huleta sehemu iliyobaki. Tena sehemu kubwa ya maji hayo huondoka kwa kunyweka na jua, na yanayobaki hutoka Jinja kuingia Mto Nile. Mvua ikipungua, ziwa hushuka mara moja. Mvua ikizidi, hupanda mara moja.

Wazee wanakumbuka mvua kubwa ya mwishoni mwa mwaka wa 1961. Kati ya wakati huo na mwaka wa 1964, Victoria lilipanda zaidi ya mita 2, na mashamba ya kando yakafunikwa. Mita 2 ni kimo cha mlango. Lakini zidisha kwa eneo lote la ziwa: utapata zaidi ya kilomita za ujazo 130, karibu sawa na Ziwa Albert zima. Mwaka wa 2020 ziwa lilifika tena kimo kile na kukipita kidogo, na watu wengi wa kandokando walihama. Katika sinia, tofauti ndogo ya kimo ni maji mengi mno, ama ya kupata ama ya kupoteza.

WINGI SI UTAMU

Lakini usije ukatoka hapa ukidhani kwamba ziwa lenye maji mengi lafaa kwa kila jambo. Maji ya Turkana yana magadi. Hayafai kumwagilia mimea. Katika Tanganyika, ukishuka chini ya mita 200 hivi, maji hayana hewa ya kuwatosha samaki, kwa hiyo samaki wote huishi katika tabaka la juu. Chini ya Kivu mna gesi nyingi iliyoyeyuka katika maji, nayo Rwanda huivuna ili kuzalisha umeme. Naye Victoria, pamoja na uchache wa maji yake, hulisha watu wengi kuliko yote kwa samaki wanaozaana humo. Basi mkulima mwenye akili huuliza maswali mawili: maji ni kiasi gani, na ni maji ya namna gani.

KATIKA KENYA YETU

Kenya ina sehemu ndogo ya Victoria, kama sita katika mia, yaani kilomita za mraba 4,100 hivi. Hata tukiipa sehemu yetu kina kile cha wastani cha mita 40, hatufiki kilomita za ujazo 170, na Ghuba ya Winam upande wa Kisumu ina kina kifupi zaidi ya hapo, mahali pengi isifike mita 10. Kwa hiyo Turkana peke yake lina maji mengi kuliko sehemu yetu ya Victoria. Bahati mbaya ni kwamba ni ya magadi.

Mfano mwingine ni Naivasha na Masinga. Kabla ya maji kupanda mwaka wa 2020, Naivasha lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 140 hivi na kina cha wastani cha mita 5 hivi. Hayo ni kilomita za ujazo 0.7. Bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilika mwaka wa 1981, lina eneo la kilomita za mraba 120 hivi, dogo kuliko Naivasha. Lakini lilijengwa liweze kuweka kilomita za ujazo 1.56, yaani zaidi ya mara mbili. Watu waliojenga ukuta katika bonde jembamba walitafuta kina, wakakipata.

Lakini kina hicho hakikai bila kulindwa. Kila mwaka Mto Tana na vijito vyake huleta udongo kutoka mashamba ya milimani, nao hutulia chini ya Masinga. Ukitazama juu, maji ni yale yale. Hasara iko chini.

BWAWA LILILO CHINI YA KIBERA

Mimi sina haja ya kwenda Masinga kuliona jambo hili. Nikitoka Ayany, nikateremka kupitia Kibera kuelekea upande wa Lang'ata, nafika Bwawa la Nairobi. Wengi wetu huita bwawa silanga, na hata mtaa mmoja wa Kibera ulio karibu na hapo unaitwa Silanga.

Bwawa hilo lilijengwa mwaka wa 1953 ili kuweka akiba ya maji ya mji. Linapokea maji ya Mto Motoine, uanziao upande wa Dagoretti. Lilipokuwa jipya lilikuwa na eneo la mita za mraba 356,000 hivi na kina cha wastani cha mita 2.76. Zidisha mwenyewe: ni zaidi ya mita za ujazo 980,000, au mitungi milioni 49. Watu waliendesha humo mashua za tanga kwa kujifurahisha.

Kisha likaanza kujaa. Udongo ulioteremka na mvua, takataka na maji machafu ya mji vilikaa chini, na gugu maji likatanda juu. Kwa miaka mingi sasa, mahali pengi pa bwawa lile mtu haoni maji, huona majani, na watu wamepata hata kulima kwenye tope lake. Lakini fungua ramani ya Nairobi, utalikuta limechorwa lote kwa rangi ya buluu kama zamani. Ramani huonyesha eneo. Kila mita 1 ya kina iliyojazwa tope katika eneo lile ni mitungi karibu milioni 18 iliyopotea, na hao wanaoishi jirani nalo ndio wanaonunua maji kwa mtungi.

KOSA LANGU

Sasa nitimize ahadi yangu. Miaka michache iliyopita, kikundi cha wakulima wa skimu moja walichimba bwawa kwa michango yao. Lilikuwa na urefu wa mita 40 na upana wa mita 30. Nilitumwa kwenda kuliandikisha. Nilifika, nikaona maji yanametameta, nikafurahi. Nikaingiza mti katikati ya bwawa, nikapata mita 2. Nikaandika kitabuni: 40 mara 30 mara 2, jumla mita za ujazo 2,400.

Wakaniuliza ng'ombe wao 50 watakunywa mpaka lini. Ng'ombe wa maziwa hunywa kama mitungi 3 kwa siku. Ng'ombe 50 ni mitungi 150, nayo ni mita za ujazo 3. Nikagawanya 2,400 kwa 3, nikapata siku 800. Nikawaambia, "Maji haya ni ya miaka miwili." Wakaniandalia chai. Mwaka ule hawakununua tangi, wala hawakupunguza mifugo, kwa sababu karani wa kilimo alikuwa amesema.

Mvua ilikatika katikati ya Disemba. Mwisho wa Machi bwawa lilikuwa tope lililopasuka, na masika yalikuwa bado. Wakauza ng'ombe wenye mimba kwa bei ya ng'ombe wa kuchinjwa. Nilipokwenda kuwaona, mzee wao wa kikundi hakunigombeza. Alisema tu, "Mwalimu, maji yako yalikuwa ya karatasi."

Nikamjibu, "Ni kweli, mzee. Kosa ni langu."

Tukashuka pamoja katika shimo lile kavu, tukapima kwa kamba mahali kumi. Katikati palikuwa na mita 2 kama nilivyoandika, lakini pande zote zilikuwa zimeinama pole pole kama sinia, na wastani ulikuwa sentimita 80. Basi maji yalikuwa mita za ujazo 960, si 2,400.

Tena sikuwa nimehesabu jua. Katika sehemu zetu za joto, wakati wa kiangazi, jua na upepo huweza kuondoa kama milimita 5 za maji kila siku. Ni kidogo, kama unene wa ubao mwembamba. Lakini juu ya eneo la mita za mraba 1,200 hizo ni mita za ujazo 6 kwa siku. Ng'ombe wote 50 walikunywa mita 3. Jua lilikuwa likinywa mara mbili ya ng'ombe. Kwa jumla yaliondoka mita za ujazo 9 kila siku, na 960 ukigawanya kwa 9 ni siku 106. Ndizo siku zile zile kutoka katikati ya Disemba mpaka mwisho wa Machi.

Baadaye walichimba bwawa jingine kando ya lile. Hili lina mita 25 kwa 20 tu, lakini wastani wa kina chake ni mita 2. Maji yake ni mita za ujazo 1,000, karibu sawa na yale ya kwanza. Lakini jua hunywa mita 2.5 tu kwa siku. Ukiongeza 3 za ng'ombe unapata 5.5, na maji yanafika siku 180, yaani miezi sita. Wageni wapitao huliona ni dogo.

PIMA BWAWA LAKO HIVI

1. Pima urefu na upana wa maji yenyewe, si wa shimo. Kama hayana umbo la mraba, chukua upana mahali patatu na utafute wastani.

2. Funga jiwe kwenye kamba, upige fundo kila nusu mita. Pima kina mahali kumi: kandokando, katikati na baina ya hapo. Mtu asiingie majini peke yake, na watoto wasiingie kabisa. Ikiwezekana, pima bwawa likiwa kavu.

3. Jumlisha vipimo vyote kumi, ugawanye kwa kumi. Hicho ndicho kina cha wastani.

4. Zidisha urefu, upana na kina cha wastani. Hizo ni mita za ujazo. Ukitaka mitungi, zidisha kwa 50.

5. Tafuta matumizi ya kila siku: ng'ombe, nyumba na bustani. Kisha ongeza kinywaji cha jua: eneo la maji zidisha kwa 0.005.

6. Gawanya maji yote kwa jumla hiyo. Utapata siku. Punguza tena kidogo kwa ajili ya maji yanayozama ardhini, hasa kama udongo wako ni wa kichanga.

MAMBO YA KUTENDA

Ukitaka kuongeza maji, kwanza fikiria kushuka chini kabla ya kupanua. Lakini usichimbe kingo zilizosimama wima. Udongo huporomoka, na mtoto au mnyama akitumbukia hapati mahali pa kupandia. Acha mteremko wa kiasi, zungusha ua, na ng'ombe wanyweshwe katika birika nje ya bwawa, maana kwato zao hubomoa kingo na kuleta tope. Kabla ya kuanza, mwulize ofisa wa kilimo au wa maji kama udongo wako unashika maji na kama kazi hiyo yataka kibali.

Juu ya bwawa, mahali maji yanapoingilia, chimba shimo dogo la kukamata tope, na ulizoe kila kiangazi. Udongo huo ni mbolea. Urudishe shambani ulikotoka. Panda ukanda wa nyasi mbele ya shimo hilo. Na katika shamba la mteremko chimba mitaro ya fanya juu, ili udongo ubaki pale ulipo mpunga wako, mahindi yako au viazi vyako. Kumbuka Albert na kumbuka Bwawa la Nairobi. Maziwa na mabwawa hayajazwi na udongo kwa siku moja, na hakuna anayepiga kelele wakati yakijazwa.

Yule mzee wa kwanza, aliyeuliza habari za maziwa, alirudi ofisini kwa fomu nyingine. Nikamwambia, "Mzee, swali lako nililijibu nusu. Kwa upana ni Victoria. Kwa maji ni Tanganyika." Akafikiri, kisha akaniuliza, "Na bwawa langu mimi, Mwalimu?" Nikamwambia sijui, kwa kuwa sijalipima.

Basi, ndugu mkulima, wakati huu wa kiangazi maji yakiwa chini ndio wakati mwema wa kupima. Twaa kamba, jiwe na penseli. Ukimaliza, lete hesabu yako katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nawe, uonyeshe vipimo vyote kumi. Karani akikuandikia kipimo kimoja tu cha katikati, mwambie arudi bwawani.